Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: matone ya glakoma yanayochoma macho

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia kwa ajili ya wagonjwa wa glakoma wa Lubumbashi ambao dawa inayowalinda wasipofuke ndiyo hiyo hiyo inayowachoma.

Glakoma huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Matone hushusha presha ya jicho, na wengi huyatumia maisha yao yote. Chupa nyingi zina kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloraidi, cha kuzuia vijidudu visizaliane humo ikishafunguliwa. Kihifadhi hicho huvuruga utando wa machozi na kuchubua seli za juu za konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Tone moja si kitu. Lakini anayetia matone ya timololi asubuhi na jioni, akaongeza dozolamidi, kisha latanoprosti usiku, mwaka baada ya mwaka, konea yake itapona saa ngapi?

Mama yangu, pale Katuba, akishatiwa tone hushika ukingo wa kiti huku machozi yakimtiririka. Anasema ni kama mchanga umeingia. Kiangazi, vumbi jekundu likitanda, ndiyo balaa. Jioni nyingine huificha chupa na kudai ameshatia. Simlaumu. Daktari alipomtia rangi ya fluoresini na kummulika kwa taa ya buluu, konea iling'aa vidoa vidoa vya kijani: kila kidoa, mchubuko. Miaka yote kabla ya hapo alipimwa presha ya jicho tu.

Mheshimiwa, matone yasiyo na kihifadhi yapo: vichupa vya kutumia mara moja, na chupa zenye vali inayozuia vijidudu. Ni ghali, najua, wala siombi kila mtu apewe. Naomba yaingie kwenye manunuzi ya jimbo kwa ajili ya wanaotumia dawa mbili au zaidi, na wale ambao konea zao zimeshachubuka. Naomba kliniki za macho zikague konea kila zinapopima presha. Na wauzaji wa farmasi wamwambie kila mgonjwa: dawa ikikuchoma usiiache, rudi kwa daktari akubadilishie.

Tunasubiri jibu lako kabla ya kiangazi kijacho.

Mtoto wa mgonjwa,
Katuba, Lubumbashi