Nauli ya Kufika Melini Imezidi Nauli ya Meli

Soko la Kibuye,
Kisumu.
13 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Ofisi ya Kisumu.

MINT: NAULI YA NDEGE KISUMU–DURBAN ILIYOPANDA BAADA YA KUAHIDIWA KWA MAANDISHI

Bwana Meneja,

Nakuandikia kama mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili wanaofanya biashara Kibuye. Mimi nauza omena. Wenzangu wako kwenye mitumba, nafaka na vyombo vya plastiki, na mmoja ana cherehani yake kando ya lango. Tangu Januari 2023 kila mmoja wetu amekuwa akiweka shilingi elfu moja Jumapili jioni, soko likianza kupungua watu, kwa ajili ya jambo moja tu: kupanda meli kubwa ya kitalii kutoka Durban, tulale baharini siku nne, tushuke kidogo kisiwani Msumbiji, turudi. Mwezi huo ndio Afrika Kusini ilianza kuwaruhusu Wakenya kuingia bila viza kwa siku 90, na mwenyekiti wetu akasema kwamba kizuizi kilichobaki ni pesa, na pesa angalau tunajua zinakotoka.

Tulikuja kwenu kwa hiari yetu. Tungeweza kununua meli kwa mtu mmoja na ndege kwa mwingine, lakini ofisi yenu ya uwakala wa safari inauza vyote viwili, na tuliona ni heri mtu mmoja abebe safari yote, ili ikiharibika mahali tujue wa kumuuliza. Ndiyo sababu leo nakuuliza wewe.

Tarehe 4 Agosti kijana wenu wa kaunta alitupa karatasi ya bei. Meli ilikuwa shilingi 54,000 kwa kila mtu, vyumba vya ndani visivyo na dirisha, chakula kikiwemo. Ndege kutoka Kisumu kupitia Nairobi na Johannesburg hadi Durban, kwenda na kurudi, ilikuwa shilingi 58,400. Nilishtuka hapo hapo kwamba kufika melini ni ghali kuliko meli yenyewe, lakini kijana alinieleza kwa upole kwamba meli hujazwa na watu wanaoishi karibu na bandari, wanaokuja kwa gari lao, na sisi wa mbali ndio tunaolipia umbali. Nilikubali. Mimi mwenyewe omena ikinifikia kutoka Mbita haiwezi kuwa na bei moja na ile ya pale Dunga.

Kisha akatuambia tuharakishe kulipia meli kwa sababu vyumba vinaisha. Tarehe 11 Agosti tukalipa shilingi 648,000 zote za watu kumi na wawili. Tukighairi sasa tunapoteza nusu yake. Hilo limeandikwa kwenye risiti na silipingi.

Tatizo langu linaanzia kwenye ndege. Nilirudi tarehe 15 Agosti nikiwa tayari kuilipia pia. Kijana akasema tiketi haiwezi kutolewa bila majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na wenzetu watatu walikuwa bado wanasubiri pasipoti zao. Pasipoti ya kurasa 34 tumeilipia shilingi 7,550 kila mtu, na aliyewahi kuomba pasipoti anajua kwamba kulipa ni kitu kimoja na kuipata ni kingine. Nikamwomba atoe tiketi za wale tisa waliokuwa tayari. Akanijibu, na nanukuu: "Mamangu, kundi halitenganishwi. Bei yenu nimeishikilia." Sikuridhika na maneno matupu. Nikamwomba aandike. Akageuza ile karatasi ya bei, akaandika kwa kalamu ya bluu: "Bei 58,400 imeshikiliwa hadi pasipoti zikamilike, watu 12." Akatia sahihi, akapiga muhuri wa ofisi yenu. Nakala ya pande zote mbili za karatasi hiyo nimeiambatisha. Halisi ninayo, na haitoki mkononi mwangu.

Pasipoti ya mwisho ilitoka Septemba. Tarehe 22, siku ya Jumatatu, tulikuja watatu, mwenyekiti, katibu na mimi, tukiwa na hundi ya benki ya shilingi 700,800. Kijana akabonyeza kompyuta yake kwa muda, akaniambia nauli sasa ni shilingi 83,900. Ongezeko la shilingi 25,500 kwa kila mtu, 306,000 kwa wote. Nilipomwonyesha maandishi yake, aliniita "mteja". Ile "mamangu" ya Agosti ilikuwa imekwisha. Akanielekeza kwenye maandishi madogo upande wa mbele: bei inaweza kubadilika wakati wowote kabla ya tiketi kutolewa. Ni kweli yapo, nimeyasoma kwa miwani ya mjukuu wangu. Lakini maandishi hayo yalichapishwa kwa ajili ya kila mtu, na yale ya kalamu yaliandikwa kwa ajili yetu, baada ya hayo, yakapigwa muhuri. Kwa maoni yangu, yaliyokuja baadaye ndiyo yanayotawala. Kama sivyo, muhuri ule ni wa kazi gani?

Sababu alizonipa ni mbili: dola na mafuta. Bwana Meneja, sisi tunaonunua mitumba kwa marobota tunaijua dola kuliko jirani yetu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Leo inacheza kwenye 129, na kati ya Agosti na Septemba mwaka huu haikusogea hata kidogo. Mafuta nayo, mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza pipa lilipita dola 100. Sasa liko chini ya 70. Dola na mafuta vilipopanda, nauli ilipanda navyo. Viliposhuka, nauli ilisahau njia ya kurudi. Angeniambia tu kwamba Desemba, mwezi wa safari yetu, watu wengi husafiri na ndege zinajaa, ningemwelewa, kwa sababu omena nayo hupanda bei uvuvi unapofungwa katikati ya mwaka.

Jambo lililoniuma zaidi nililigundua usiku ule nyumbani. Mjukuu wangu anasoma Maseno. Alifungua simu akatafuta safari ile ile, siku zile zile, ndege zile zile. Kwa mtu mmoja nauli ilikuwa shilingi 61,200. Kwa wanne, 61,200. Alipoweka watano, ikaruka hadi 72,300 kwa kila mtu, hata kwa wale wanne wa kwanza. Ikabaki hapo hadi tisa, ambayo ndiyo idadi kubwa tovuti inayokubali. Nilidhani simu imeharibika. Akanieleza kwamba ndani ya ndege moja viti vya daraja moja huuzwa kwa mafungu ya bei, machache ya rahisi, kisha ya kati, kisha ya ghali. Ukiomba viti vingi kwa mkupuo kuliko vilivyobaki kwenye fungu la rahisi, kompyuta haikugawii kidogo hapa na kidogo pale. Inakupandisha wewe na wenzako wote hadi fungu linaloweza kuwabeba kwa pamoja.

Hesabu yake ni hii. Wanne wangelipa 61,200, watano 72,300, na watatu wa mwisho hata wakilipa hiyo 83,900 yenu. Jumla shilingi 858,000. Ninyi mlitutajia 1,006,800. Tofauti ni shilingi 148,800, kwa viti vile vile, siku ile ile. Kilichohitajika ni mtu aliye nyuma ya kaunta kuligawa kundi sehemu tatu. Sokoni kwangu mtu akiniomba gorogoro kumi na mbili, namwongezea kiganja juu. Kwenu anayenunua nyingi ndiye anayeadhibiwa, na anayejua sababu ananyamaza. Asubuhi yake nilimpigia kijana simu nimweleze. Akasema analijua hilo, ila "utaratibu ni kundi". Na viti vya 61,200 vilikuwa vimeshaondoka.

Nimeambiwa pia na mtu anayeielewa biashara yenu kwamba tiketi ya ndege siku hizi haimwachii wakala kitu cha maana, ila meli humwachia kamisheni nzuri. Sitaki kukusingizia. Lakini nikitazama jinsi tulivyoharakishwa kulipia meli na jinsi tulivyotulizwa kuhusu ndege, naona mpangilio uliowafaa ninyi. Mtu aliyekwisha kulipia meli hana ujanja. Ndege ikisema themanini na tatu, atatafuta themanini na tatu.

Tarehe 29 Septemba mlitupigia simu mkapendekeza njia ya kupunguza gharama: Kisumu hadi Nairobi tukate tiketi peke yake kwa shirika lingine, tuachane na tiketi moja ya safari nzima. Katibu wetu alikaribia kukubali. Niliuliza swali moja tu: ndege ya Kisumu ikichelewa tukaikosa ile ya Johannesburg, nani anatuhamishia? Kimya. Kisha nikaambiwa hizo zitakuwa safari mbili tofauti, na ile ya pili ikituacha ni hasara yetu. Kwa maneno mengine, mngetupunguzia shilingi elfu chache na kutubebesha hatari yote. Na ndege ya asubuhi mliyotuchagulia ingetua Nairobi dakika 70 kabla ya ile ya Johannesburg kuondoka, wakati ambapo tungetakiwa kuchukua mizigo, kubadilisha jengo, kuikabidhi upya na kupita uhamiaji, watu kumi na wawili ambao kumi kati yao hawajawahi kupanda ndege. Meli yenyewe hufunga mlango mapema kabla ya kung'oa nanga na haimngojei mtu aliyekwama Nairobi. Kusafiri usiku kwa basi hadi Nairobi tumekufikiria, na pengine ndiko tutakakofanya, lakini hilo tutaliamua wenyewe baada ya ninyi kutimiza mlichoandika.

Utaniwia radhi nikuongezee jambo lisilo la hesabu. Mwenzetu mkubwa ana miaka 67. Nyumba yake iko Usoma, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Kisumu. Ndege zimepita juu ya bati lake miaka yote hiyo na hajawahi kupanda hata moja. Alikuwa wa kwanza kuchanjwa homa ya manjano, na kile cheti cha njano amekifunga kwenye nailoni pamoja na kitambulisho chake. Nilipompa habari ya shilingi 25,500 hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alikuja na elfu mbili badala ya moja, na sikuwa na moyo wa kuzipokea wala wa kumrudishia. Ziko kwenye bahasha peke yake.

Tunachodai si msaada. Toeni tiketi kumi na mbili kwa shilingi 58,400 kama mlivyoandika na kupiga muhuri. Hundi bado tunayo. Shirika la ndege likiwa halikubali bei hiyo, tofauti ilipwe na ofisi yenu, kwa sababu ahadi ilikuwa yenu na wala haikuwa ya shirika. Mkishindwa na hilo pia, turudishieni shilingi 648,000 za meli bila kukata nusu, maana tulizilipa kwa kutegemea bei ya ndege mliyotupa pamoja na ya meli, na sisi tutatafuta mtu mwingine.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma, na haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro za bidhaa au huduma. Habari ya mafungu ya bei mlikuwa nayo na hamkutupa. Sheria ya Ushindani nayo inataka mteja aelezwe ada zote kabla ya kutozwa. Sijaandika kwa mamlaka yoyote bado. Nakala ya barua kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iko tayari, na nitaituma Jumatatu tarehe 27 Oktoba ikiwa sitakuwa nimepata jibu la maandishi. Nimesema la maandishi. Simu tumezipokea za kutosha.

Nikihitajika ofisini nitakuja na mwenyekiti na katibu, siku yoyote kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa baada ya saa nane. Jumapili msinitafute, hiyo ni siku ya soko.

Wako,

Mweka Hazina,
kwa niaba ya wanachama kumi na wawili.

Viambatisho: karatasi ya bei ya 4 Agosti, mbele na nyuma; risiti ya meli ya 11 Agosti; picha za simu za nauli kama zilivyokuwa usiku wa 22 Septemba.