Barua kwa mwanangu aliyesimamishwa kazi masika haya

Chake Chake, Pemba

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, huku sote hatujambo, alhamdulillahi. Habari zako zimetufikia: hoteli huko Unguja imepunguza watu, umeambiwa usubiri msimu urudi, na kodi ya chumba inakaribia. Hilo la masika si geni, baba. Kila mwaka mvua za Machi mpaka Mei zikishika, wageni wa pwani hupungua, hoteli nyengine hufunga kabisa, na vijana wengi hukaa bila mshahara mpaka Juni. Usijione umeandamwa peke yako.

Umeniuliza mambo mawili: mtu atasemaje alhamdulillahi na mfukoni hamna kitu, na tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, inaanzia wapi. Nakujibu yote mawili, na nitakwenda polepole penye vitendo, maana maneno matamu ya misikitini unayo tayari.

Wanavyuoni wameigawa shukrani sehemu tatu: ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Ya moyo ni kukiri kuwa neema imetoka kwa Mola, hata kama imepitia mkononi mwa meneja. Ya ulimi unaijua. Ya viungo ni kuitumia neema pale anapopapenda aliyeitoa, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Mgongo wako mzima, macho yako, Kiingereza na Kitaliano ulichookota hotelini, hivyo vyote ni neema ambazo hukupunguziwa na masika. Kijana anayelala mpaka saa 4 asubuhi kwa kuwa hana kazi, kisha akasema alhamdulillahi, ameshukuru kwa theluthi moja tu.

Mola amesema katika Suratu Ibrahim, aya ya 7: mkishukuru nitakuzidishieni. Hakusema atazidisha nini wala lini. Mtu akishukuru Ijumaa akangojea mshahara Jumatatu, huyo anadai, hashukuru. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu, ili tusidharau neema tuliyonayo. Simu yako inakufanyia kinyume chake mchana kutwa, ipunguze.

Kwa kila siku, shika hili: baada ya kila sala ya fardhi, Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 33, na ya 100 umalizie La ilaha illallahu wahdahu la sharika lah mpaka mwisho wake. Haifiki dakika tano. Wengi huikosa kwa sababu wakishatoa salamu mkono unakwenda mfukoni kutafuta simu kabla ya kwenda kwenye uradi.

Ukipata neema mpya au ukaepushwa na balaa, sujudu sijda ya shukuru. Naona vijana wanaifanya viwanjani baada ya goli, na wengi hawaijui sharti yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi inataka udhu, nguo tohara na kuelekea kibla. Unanuia, unapiga takbira ya kuhirimia, unapiga nyengine ukishuka, unasujudu mara moja, unainuka kwa takbira, unakaa na kutoa salamu. Hamna Fatiha wala rukuu. Haifanywi ndani ya sala; ukiifanya humo kwa kusudi, sala imebatilika. Na ni ya neema iliyozuka, si ya zile zinazoendelea kama afya na kuona, vyenginevyo tungesujudu tusiinuke.

Kisha watu. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, hiyo ni hadithi. Mwenzako anayekupa sahani ya wali jioni, mwambie ahsante kwa mdomo, na uoshe vyombo.

Sasa tawakuli. Zamani watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, yaani matumizi ya njiani, wakisema sisi ni wenye kutawakali. Wakifika Makka wanaombaomba. Ikateremka aya katika Suratul Baqara, ya 197: chukueni masurufu, na bora ya masurufu ni ucha Mungu. Na yule aliyemuuliza Mtume amwache ngamia wake ovyo akatawakali, aliambiwa amfunge kisha atawakali.

Itazame Hijra, Mtume na Abubakar walipohama Makka kwenda Madina, uone tawakuli inavyofanywa. Abubakar aliwalisha ngamia wawili majani ya mti wa samur kwa miezi minne kabla ya safari. Akakodiwa kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu, ila njia anaijua na amana anaitunza. Madina iko kaskazini ya Makka. Wao wakashika kusini, wakaingia pango la Thaur wakakaa siku tatu msako upoe. Abdullah, mtoto wa Abubakar, anashinda mjini akisikiliza Makureshi wanapanga nini, usiku anawapelekea habari. Amir bin Fuhayra, mchunga wa Abubakar, anawapitishia kondoo na mbuzi jioni wapate maziwa. Baada ya yote hayo maadui wakafika mpaka mlangoni mwa pango, Abubakar akasema lau mmoja wao angetazama miguuni pake angetuona. Hapo ndipo Mtume aliposema usihuzunike, Mwenyezi Mungu yu pamoja nasi. Ni katika Suratu Tawba, aya ya 40. Angalia neno hilo limekuja wakati gani. Kila kilichokuwa mikononi mwao kilishafanywa, na kilichobaki hapana mkono wa kukifikia. Tawakuli ya moyo ipo tangu mwanzo wa safari, lakini huonekana zaidi pale njia za binadamu zinapokwisha.

Wewe umekulia kwenye karafuu, hili unalijua. Zikishachumwa hutenganishwa na makonyo, vile vijiti vyake, usiku ule ule, asubuhi zikaanikwa juu ya jamvi, zikapinduliwa, na wingu likijikusanya kila mtu anakimbilia jamvi. Jua la siku tatu nne la kuzikausha si letu. Lakini aliyeziacha lundo mpaka zikavunda, au zikanyeshewa, anavuna mpeta, nyepesi na zimepauka, na mnunuzi hatamsikiliza akisema alimwachia Mungu. Jitihada haiondoi kudura, ndiyo, ila kudura nayo haikutuondolea kuamka.

Kisa kinachokufaa zaidi wewe ni cha Nabii Musa, katika Suratul Qasas kuanzia aya ya 22. Kaingia Madyan mkimbizi, hana mwenyeji wala kazi. Kisimani akawakuta wachunga wananywesha, na wanawake wawili wamejitenga na mifugo yao, wanasubiri. Akawanyweshea. Hakutaja ujira. Akageuka akakaa kivulini, ndipo akaomba: Rabbi inni lima anzalta ilayya min khayrin faqir, Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia. Mara akaitwa na baba yao, akapata amani, akapata mke, na akapata mkataba wa kazi wa miaka 8, akipenda akamilishe 10. (Usirukie kwenye mke.) Yule binti alipomsemea kwa baba yake alitaja sifa mbili: mwenye nguvu, mwaminifu. Alizijua kwa kumuona akifanya kazi siku ambayo halipwi. Kwa hivyo miezi hii usikae barazani. Kuna mzee wa mtaa anataka kuzibiwa paa linalovuja, kuna fundi anataka mtu wa kumshikia ngazi. Nenda, ukilipwa pokea, usipolipwa soma dua ya Musa.

Kuhusu kuomba, wakati bora ni theluthi ya mwisho ya usiku, na watu wanaihesabu kwa kukisia. Ihesabu hivi. Magharibi ikiingia saa 12:30 jioni na alfajiri saa 11:00, usiku mzima ni saa 10 na nusu. Gawa kwa tatu, unapata saa 3 na nusu. Basi theluthi ya mwisho inaanza saa 7:30 usiku mpaka adhana. Ukiamka saa 10:15 bado umo ndani yake, huna haja ya kukesha ukashindwa kufanya kazi asubuhi. Sali rakaa mbili, kisha anza kwa kumhimidi Mola, msalie Mtume, halafu taja haja yako kwa jina lake: kodi ya mwezi fulani, kiasi fulani. Malizia kwa kumsalia Mtume. Ndani ya sala bakia kwenye dua za Kiarabu zilizopokewa. Kiswahili chako kiweke baada ya salamu, hapo useme yote. Nyakati nyengine ni baina ya adhana na ikama, na saa ya mwisho ya Ijumaa baada ya alasiri.

Kwa deni ipo dua aliyoifundisha Sayyidna Ali: Allahumma kfini bihalalika an haramika, wa aghnini bifadhlika amman siwaka. Maana yake nitosheleze kwa halali yako nisiiendee haramu yako, na kwa fadhila zako nisimhitaji mwengine asiyekuwa wewe. Ukishaisoma hiyo, huwezi kugeuka ukabeti mpira au ukachukua mkopo wa simu wenye riba. Umeomba mlango mmoja na wewe mwenyewe unafungua mwengine. Mtume alimtaja mtu wa safari ndefu, nywele timtimu, kajaa vumbi, mikono kaiinua mbinguni, na chakula chake haramu, kinywaji chake haramu, nguo zake haramu. Akauliza atajibiwa vipi huyo? Kizuizi chengine ni haraka, kusema nimeomba, nimeomba, sikujibiwa, kisha ukaacha. Dua hujibiwa kwa njia tatu: unapewa ulichoomba, au unawekewa akhera, au unaepushwa na shari ya kadiri yake. Ile ya tatu hutaiona, kwa hivyo usiseme haikuja.

Usiweke nadhiri. Vijana wakibanwa hukimbilia kusema nikipata kazi nitafunga miezi miwili, nitachinja ng'ombe. Mtume amesema nadhiri haileti kitu, ila hutolewa kwayo mali ya bakhili. Ukishaitamka kwa jambo la ibada imekulazimu. Kama unataka kutoa sadaka, toa sasa hivi shilingi ulizonazo, bila sharti. Na kwa mganga wa kufungua nyota usipite hata mlangoni.

Umesema umeitiwa kazi Dar es Salaam na huna hakika uende au usubiri Juni. Kwanza ushauri: mtafute aliyewahi kumfanyia kazi huyo tajiri anayekuita, muulize kama analipa kwa wakati na wafanyakazi wanalala wapi. Kisha istikhara, sala ya kumuomba Mungu akuchagulie lenye kheri, rakaa mbili zisizokuwa za fardhi. Wanavyuoni wamependekeza sura ya Kafirun rakaa ya kwanza na Ikhlas ya pili. Ukishatoa salamu unasoma dua yake, na ukifika pale pa hadhal amr, yaani jambo hili, unalitaja jambo lako. Kosa kubwa la watu hapa ni kulala wakingoja ndoto: nimeota maji, nimeota kijani. Hadithi ya istikhara, aliyoipokea sahaba Jabir, haina ndoto ndani yake. Dua yenyewe inasema kama lina kheri na mimi katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa jambo langu, nisahilishie. Kama ni shari, liepushe nami, nami uniepushe nalo, na unikadirie kheri popote ilipo kisha uniridhishe nayo. Basi wewe endelea na maandalizi. Njia ikifunguka, pita. Nauli ikikosekana na tajiri akabadilisha maneno, rudi bila kinyongo.

La mwisho, mwenye nyumba. Mwendee kabla ya tarehe, si baada yake. Mpelekee kiasi utakachoweza kulipa na siku yake, na muandikiane. Qur'ani imetuamrisha kuandikiana deni. Mdaiwa aliye katika dhiki anastahiki kungojewa mpaka apate wasaa, lakini haki hiyo ni ya yule asiye na kitu, si anayejificha huku ana simu mbili. Aliyekopa kwa nia ya kulipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Hadithi hiyo ni sahihi, na nia yake huonekana kwa kupokea simu anapopigiwa. Mambo yakizidi, mdaiwa ni miongoni mwa watu 8 wanaostahiki zaka. Si aibu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulika na zaka hapo hapo mjini; nenda na kitambulisho, na barua ya sheha wako, kiongozi wa shehia unayokaa, iwe tayari.

Nimekupakilia kiroba cha mihogo, mkungu wa ndizi mbichi na dagaa kidogo, mzigo unatoka Mkoani na boti ya asubuhi. Jina lako na namba ya simu vimeandikwa kwa wino mzito pande zote mbili. Mihogo uile siku ya kwanza, haiweki. Ndizi mkate nusu umpelekee mwenye nyumba, lakini siku nyengine, si siku unayokwenda kuzungumza habari ya kodi, asije akaona unamhonga.

Wadogo zako wanakusalimu. Nijibu mzigo ukifika.

Wassalaam,
Mama yako