Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: habari ya meli ya Shanga

Asalaam aleikum wanachama wote, mlioko hapa Amu (Lamu) na nyinyi wa Mombasa na ughaibuni. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea kikaoni, mimi nasema tu ada zikichelewa hata mafuta ya boti ya kwenda Siyu, kisiwani Pate, kurekodi wazee yanakuwa shida, kwa hivyo tafadhalini.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimeenda kisiwa cha Pate, kwa ile habari ya meli ya Wachina inayosemekana ilipasuka kwenye miamba karibu na Shanga, mji wa kale wa hukohuko Pate, zama za safari za Zheng He, amiri wa meli za China, kati ya 1405 na 1433. Watoto wa skuli ukiwauliza Vasco da Gama alifika Malindi lini watakwambia 1498 bila kufikiri, hii ya nyumbani kwao hawaijui kabisa na mimi inaniuma sana. Kule Siyu mzee mmoja alitusimulia barazani, mabaharia waliookoka wakaogelea mpaka pwani, mji ulikuwa unasumbuliwa na chatu, wageni wakamuua ndio wakakubaliwa kukaa, wakasilimu wakaoa. Alipofika sehemu ya chatu mzee alisimama akainua bakora kuonyesha upanga ulivyoshikwa, na mjukuu wake aliyekuwa kwenye simu muda wote akaiweka chini akasikiliza.

Sasa wengine kwenye grupu waliuliza ushahidi uko wapi, swali zuri. Mabaki ya meli yenyewe hayajapatikana, ingawa kuanzia 2010 wataalamu wa Kenya na China waliitafuta baharini huku kwetu. Vigae vya Kichina vimejaa Shanga na kisiwa cha Manda lakini hivyo peke yake havitoshi, maana vyombo vya China vilikuwa vinafika hapa kwa biashara ya majahazi tangu karne ya 9, nendeni Mambrui, karibu na Malindi, muone mabakuli yaliyopachikwa kwenye nguzo ya kaburi. Ila ile sarafu ya Yongle, mfalme wa China aliyemtuma Zheng He, iliyotangazwa 2013 kutoka Manda ni ya miaka hiyohiyo, na Shanga, mji uliokuwa na watu tangu karne ya 8, ulihamwa kama 1425 hivi. Kwa hivyo mimi naona tuseme wazi, hii ni riwaya, yaani masimulizi ya wazee, na hivi ni vitu vya kuchimbwa, tusivichanganye na tusiidharau riwaya eti kwa sababu mbao hazijaonekana.

Jambo jingine, familia zinazojihesabu kizazi cha wale mabaharia zimechoka. Wageni wanakuja na kamera wanapiga picha macho ya watu wanaondoka, hata nakala hawaleti. Sisi tukirekodi, kopi ya kwanza inabaki kwa mwenye nyumba, hilo kamati imeshapitisha.

Wavuvi wetu nao, mtungi ukinasa kwenye nyavu usiuzwe kwa dalali, kwa sheria ya 2006 vitu vya kale ni vya kuripotiwa, upelekwe makumbusho hapa Lamu na mkumbuke pale ulipotoka, manake pale ndipo penye habari.

Mwaka ujao nataka tumalize kurekodi Siyu kabla ya Ramadhani, wazee wanatutoka. Mwenye kinasa sauti kizuri au boti ya kukopesha, na anayejua maji ya Mkanda vizuri, anipigie tupange tarehe na katibu.