Tuhifadhi nyimbo za vijana kabla diski hazijafa

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba roki ni ya Wazungu na muziki wa kompyuta ni upepo wa kupita, hivyo tusitegemee lolote kwa vijana wanaoushabikia. Naomba nafasi nimjibu, kwa kuwa natengeneza amplifaya na vinanda hapa Mwanjelwa na vijana hao ndio wateja wangu.

Roki kwetu Mbeya haikutoka mbali, ilitoka ng'ambo ya Tunduma. Miaka ya 1970 Wazambia waliichanganya na midundo ya kwao, gitaa la umeme likikwaruza mpaka spika inatetemeka, ikaitwa Zamrock. Rais Kaunda alitaka redio ipige zaidi muziki wa nyumbani, na shaba ilikuwa bado inalipa. Baba yangu alifanya kazi TAZARA. Santuri za bendi ya WITCH na za mpiga gitaa Paul Ngozi, wote wa Zambia, zilifika kwetu Iyunga kwa treni, zimeviringishwa ndani ya blanketi. Watanzania nao walikuwamo. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilivuka mpaka, na albamu yao ikatoka huko Zambia mwaka 1976.

Bei ya shaba ikaanguka, bendi zikavunjika, kisha UKIMWI ukachukua wanamuziki wengi. Emmanuel Chanda, yule Jagari, mwimbaji wa WITCH, akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Lakini santuri zilibaki makabatini mwa watu. Kampuni za Marekani na Uingereza zikazitoa upya, za Sunburst mwaka 2016. Jagari akarudi jukwaani akiwa mzee, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya. Huo si upepo wa kupita.

Hofu yangu ni kwa muziki wa leo, ambao hauna santuri. Kijana wa Uyole aliniletea kompyuta iliyoungua diski baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Humo mlikuwa na nyimbo zake zote: gitaa la roki juu ya biti ya singeli, shangazi yake akiimba Kinyakyusa. Nilisikia wimbo mmoja tu, ule aliokuwa amemtumia rafiki kwenye simu, na nakuambia Mhariri, sijawahi kusikia kitu kama kile. Nyingine hazipo tena. Hata huo mmoja ni MP3, faili linalofanywa dogo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Kwa simu unatosha. Ila vyombo vyote vimeshachanganywa humo, huwezi kurudi ndani yake ukainua sauti ya shangazi na kupunguza ngoma.

Singeli ya Mburahati, Dar es Salaam, imefika Ulaya baada ya lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, kutoa mkusanyo wa studio ya Sisso mwaka 2017. Tusikae kungoja watu wa Kampala wapande mpaka Uyole.

Kitabu kikichapishwa nchini, sheria inataka nakala ipelekwe Bodi ya Huduma za Maktaba. Nyimbo nazo zipate hifadhi ya namna hiyo, na Maktaba ya Mkoa tunayo hapa mjini. Namwomba afisa utamaduni wa jiji akae na wakutubi, zitengwe diski mbili, zisilale jengo moja. Wenye studio wapeleke kila chombo kwenye faili lake la WAV, lile lisilotupa sauti kama MP3, maana programu ya leo huenda isifunguke miaka ishirini ijayo. Waambatishe karatasi ya majina: nani kapiga besi, nani kaimba, nani katengeneza biti, wapi na lini. Hilo la majina nalisisitiza sana. Wimbo ukija kupata soko, mpiga besi asiyeandikwa popote atadai mirabaha kwa ushahidi gani?

Wakati tunasubiri, kijana yeyote ambaye diski yake imeanza kugonga aniletee, nitamnakilia bila malipo. Asiiwashe tena nyumbani kabla hajafika.

Fundi wa vyombo vya muziki,
Mwanjelwa, Mbeya