Hamisi, lile si kombe la mbuzi

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi kutoka Coventry, Uingereza. Sisi hatujambo, ila baridi imeanza kutubana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale unaposema Gaël Bigirimana, yule kiungo Mrundi, alikuja Yanga mwaka 2022 na wasifu mkubwa kuliko mpira wake, na kwamba lile kombe alilobeba huku na Coventry City mwaka 2017 ni kombe la mbuzi tu, sawa na la wilaya unalotaka vijana wako walisusie. Kuhusu Yanga sibishani nawe, hakukaa sana na wewe ndiye uliyemwona. Kuhusu kombe, hapana. Nipe nafasi nikueleze.

Linaitwa EFL Trophy. Ni la timu za daraja la tatu na la nne za Uingereza, lilianza msimu wa 1983/84, na thamani yake yote iko kwenye fainali, kwa sababu inachezwa Wembley, uwanja wa taifa wa huku. Fikiria mchezaji aliyezoea kucheza mbele ya watu elfu tatu. Milango yake ya kuingia Wembley ni michache mno, na huo ni mmoja wapo. Mwaka 1988 Wolves na Burnley walikutana hapo wote wakiwa daraja la nne, na watu zaidi ya 80,000 wakaenda kuwatazama. Mbuzi gani huyo, Hamisi?

Msimu wa 2016/17 ndio uliotaka kuliua. Wakubwa wa ligi waliamua kuziingiza timu 16 za vijana wa klabu kubwa, wakisema wanakuza vipaji. Arsenal, Liverpool na Manchester United hata hawakutaka kushiriki. Mashabiki wa timu ndogo waliona huo ni mlango wa nyuma, kwamba leo vikosi vya pili viko kwenye kombe letu, kesho viko kwenye ligi yetu. Wakagoma. Hatua ya makundi ikachezwa mbele ya viti vitupu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobaki nyumbani. Mpaka leo naamini tulikuwa sahihi.

Tena kulikuwa na sheria ya kulazimisha timu za ligi zianze na idadi fulani ya wachezaji wa kikosi cha kwanza. Luton Town walichezesha vijana wao, wakashinda, kisha wakatozwa faini ya pauni 15,000. Unawaalika vijana wa matajiri, halafu unamwadhibu maskini kwa kuwapanga vijana wake mwenyewe! Novemba, Bradford City walianza na kipa wao namba moja, Colin Doyle, wakamtoa baada ya dakika tatu. Sheria ikawa imetimizwa. Kila nikikumbuka hilo nakasirika upya.

Sasa njoo kwa Coventry City. Hii ni klabu iliyotwaa Kombe la FA mwaka 1987 kwa kuifunga Tottenham 3-2, na tangu hapo haikuwa imeshika kikombe kingine kikubwa. Msimu wa 2013/14 ilicheza mechi zake za "nyumbani" mjini Northampton kwa sababu ya ugomvi wa kodi ya uwanja. Kufika 2016/17, mashabiki walikuwa vitani na wamiliki. Oktoba, ugenini kwa Charlton, mashabiki wa pande zote mbili walirusha nguruwe wa plastiki uwanjani kuwapinga wamiliki wao. Kocha Tony Mowbray alikwishajiuzulu, Russell Slade akaja akafukuzwa, na Machi akarudi kocha wetu wa zamani, Mark Robins, kuikuta timu iko mkiani.

Katikati ya balaa hilo kombe likawa linasonga, raundi baada ya raundi. Nusu fainali tukaifunga Wycombe 2-1, na jiji lote likazinduka. Tarehe 2 Aprili 2017 watu zaidi ya 40,000 walitoka Coventry kwenda Wembley, wakati mechi za ligi zilikuwa zinapata kama elfu tisa. Niliwaona wazee wa 1987 wakiwa na wajukuu ambao hawajawahi kuona timu yao ikishinda kitu chochote.

Bao la kwanza dhidi ya Oxford United, dakika ya 11, alifunga Gaël Bigirimana. Mtoto wa Bujumbura, aliyepitia Uganda akafika jiji hili mwaka 2004. Inasimuliwa hapa kwamba alikuwa ametumwa maziwa dukani, akapita kwenye kituo cha vijana cha klabu na kuomba ajaribiwe. Akakua humo, akauzwa Newcastle, akarudi. Kwa hiyo usiniambie lile bao lilikuwa la mchezaji wa kupita njia. George Thomas, kijana wa miaka 20 aliyelelewa klabuni hapo hapo, akaongeza la pili, Oxford wakarudisha moja, ikaisha 2-1. Waliohudhuria walikuwa 74,434.

Siku kumi na mbili baadaye, Ijumaa Kuu, tukashuka daraja la nne, ambako klabu haikuwa imecheza tangu 1959. Najua utauliza kombe lilisaidia nini. Mimi nashikilia kwamba bila siku ile, maelfu wangeiacha klabu moja kwa moja. Walibaki, Robins naye akabaki, na Mei 2018 tulirudi Wembley, tukaifunga Exeter 3-1 na kupanda.

Muhtasari wa ile fainali upo mtandaoni, dakika chache tu. Uangalie na vijana wako wa pale mtaani kabla hujawaambia wasusie kombe la wilaya, kisha unipigie Jumapili tubishane vizuri.

Msalimie shemeji, na mama mpe shikamoo yangu.

Rafiki yako,
Juma