Takwimu za Frank Robinson zisomwe pamoja na timu alizopewa

Mhariri,

Imezoeleka katika kurasa za michezo kudai kwamba mchezaji mahiri mno huwa meneja (yaani kocha mkuu) dhaifu, eti kwa sababu hana subira na wasiojaliwa kipaji kama chake. Mwenye kuitetea hoja hiyo anaweza kumtaja Frank Robinson wa besiboli ya Marekani, ambaye akiwa meneja alishinda michezo 1,065 na kupoteza 1,176, bila kuifikisha timu yoyote katika hatua ya mtoano. Napenda kuipinga.

Uchezaji wake hauna ubishi. Alikuwa wa kwanza kutwaa tuzo ya mchezaji bora katika ligi zote mbili kuu, mwaka 1961 akiwa Cincinnati ya ligi ya National na mwaka 1966 akiwa Baltimore ya ligi ya American, tena mara tu baada ya Cincinnati kumuuza kwa kudhani kwamba miaka 30 imeshamzeesha. Umeneja, hata hivyo, hakuupata kwa jina. Aliusomea Puerto Rico, akiiongoza timu ya Santurce wakati wa baridi huku majira ya joto akiendelea kucheza Marekani, hadi Cleveland ilipomfanya Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa meneja katika ligi kuu. Aprili 8, 1975, akiwa meneja na mchezaji kwa wakati mmoja, alijipanga mwenyewe kwenye orodha ya wapigaji, na katika zamu yake ya kwanza akaupiga mpira ukavuka uzio, pigo linaloleta alama moja kwa moja. Wapinzani wao, Yankees wa New York, wakalala 5-3.

Tatizo ni timu alizokabidhiwa. Baltimore walimwita awe meneja mwaka 1988 wakiwa wameshapoteza michezo sita ya mwanzo, wakapoteza mingine 15 mfululizo chini yake kabla ya kuonja ushindi, na msimu ukaisha kwa vipigo 107. Msimu uliofuata walishinda michezo 87, naye akachaguliwa meneja bora wa ligi ya American. Sijui ni kombe gani lingeeleza kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu ukali, ambao kweli alikuwa nao, tuutazame mchezo wa Mei 2006 kati ya Washington, timu aliyokuwa akiiongoza wakati huo, na Houston. Mdakaji wake (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji), Matt LeCroy, aliyekuwa akiziba pengo la waliojeruhiwa, aliibiwa vituo saba, yaani wapinzani walikimbia mara saba hadi kituo kinachofuata bila yeye kuwazuia kwa kurusha mpira, na Robinson akamtoa katikati ya kipindi, jambo ambalo mameneja hulikwepa kwa kuwa humwaibisha mchezaji mbele ya umati. Washington walishinda, lakini alipozungumza na waandishi baadaye meneja huyo, akiwa na umri wa miaka 70, alibubujikwa na machozi. Asiye na subira na wanyonge halii kwa ajili ya mdakaji wa akiba.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, mnapochapisha orodha za mameneja, kando ya idadi ya ushindi iwekwe pia nafasi ambayo kila timu ilikuwa nayo siku meneja alipoipokea.

Wako mwaminifu,
Msomaji