Vila za juu ya jabali ni nzuri, ila maji yanatoka wapi?

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni, siku hizi kila anayekuja kuwekeza Unguja anataka ajenge vila na kila vila iwe na swimingi puli yake, na sisi tukiletewa michoro tunaisifu tu, hakuna anayeuliza maji.

Mie nimekaa kwenye vila za namna hiyo, Bali kule Indonesia, kusini kabisa kwenye majabali ya Uluwatu. Dada yangu anaishi Muscat ndo alotualika mie na mama tukapitia Doha. Na niseme ukweli, sijapata kukaa mahali pazuri vile. Vila iko ukingoni, ukichungulia chini ni bahari hiihii yetu ya Hindi inapiga mwamba usiku kucha, puli imejaa mpaka mdomoni na maji yake ukiyatazama toka kitandani huoni yanaishia wapi na bahari inaanzia wapi. Asubuhi wafanyakazi wanapita kuweka visahani vya makuti machanga vyenye maua na mchele kwa ibada zao, na adabu walonayo utadhani umekwenda kwa shangazi yako. Mama alikuwa na wasiwasi wa chakula, wakamchomea samaki na wali mweupe wakatuonesha na kibla kiko upande gani. Halafu majengo yenyewe hayaendi juu, Bali wana sheria ya miaka mingi kwamba jengo lisizidi mita 15, wenyewe wanasema lisipite mnazi, hilo nimelipenda sana na natamani wakubwa wetu walisikie.

Sasa kilichonisumbua. Ile rasi wanaiita Bukit ni chokaa tupu, mawe kama ya maweni kwetu huku kusini, mvua ikinyesha yote inazama, mito hakuna, zamani wenyeji walikuwa wanakinga maji ya mvua na kuyaweka akiba ya kiangazi. Sie tulikwenda kiangazi hichohicho, barabarani unapishana na maboza ya maji yanapanda kilima moja baada ya jingine. Dereva wetu mwenyeji wa palepale akatwambia nyumbani kwake bomba linatoa usiku na kuna siku halitoi kabisa, inabidi wachange na majirani wanunue boza. Nikaanza kupiga hesabu, puli ya mita 8 kwa 4 yenye kina cha mita moja na nusu inachukua lita 48,000, na hiyo ni ya vila moja wanayokaa watu wawili watatu, bado shawa, bafu la kuloweka, bustani na mashuka yanayofuliwa kila siku.

Msidhani haya ni ya Bali tu. Mwaka 2012 shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilitoa ripoti na Zanzibar ilikuwemo, wakakuta kaya ya kawaida inatumia lita 93.2 kwa siku, chumba cha gesti lita 686, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Chumba kimoja hicho! Yaani maji ya puli niloitaja hapo juu yangetosha kaya moja kwa siku zaidi ya 500. Na hizo ni namba za zamani, hoteli zimejengwa ngapi toka hapo.

Na watu waelewe kisiwa chetu kinavyofanya kazi. Maji matamu tunayokunywa ni ya mvua yaliyoingia ndani ya mawe na yamekaa juu ya maji ya chumvi, ukiweka pampu kubwa karibu na pwani ukavuta bila kipimo chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi leo wala kesho. Anayeumia hapo ni mwanamke mwenye dumu, mgeni atanunuliwa maji.

Najua watakuwepo watakaosema nafukuza wawekezaji. Wallahi siyo, mpwa wangu anakula kwa kazi ya hoteli na nataka aendelee kula. Risoti ileile tuliyokaa walikuwa wanasafisha maji ya shawa na sinki wanamwagilia bustani, na mapaa yao yanakinga mvua, kwa hiyo inawezekana. Wengine watasema tutachuja maji ya bahari, sawa, lakini yale machumvi yanayobaki yasimwagwe kwenye mashamba ya mwani ya kina mama, hilo nalo liandikwe.

Kinachonitia hofu ni kuchelewa. Mwezi wa 7 mwaka 2025 serikali ya Bali ilianza kuvunja majengo 48 kwenye jabali la Bingin, si mbali na Uluwatu, kwa kuwa yamejengwa bila ruhusa kwenye ardhi ya serikali. Sheria ni sheria, ila mengi yalikuwa migahawa midogo na gesti za wenyeji, watu wamekaa pale miaka mingi wakiachiwa, halafu wakaja kuvunjiwa. Ukiachia watu wajenge kwanza ndo uje na kanuni baadaye, gharama inamwangukia mdogo.

Kwa hiyo naomba ZIPA wanaosimamia uwekezaji na ZAWA wa maji wakae pamoja, kabla kibali hakijatoka mwekezaji aoneshe kwa maandishi maji ya vila zake yatatoka wapi, lita ngapi kwa siku, na majitaka yataenda wapi, na hayo yabandikwe ofisi ya sheha wanakijiji wasome. Vila kumi zikitumia puli moja kubwa hakuna mgeni atakayekufa. Na wenye hoteli ambao tayari wanakinga mvua au wanatumia maji mara mbili, naomba mjitokeze kwenye gazeti hili mtueleze mmetumia njia gani na imewagharimu kiasi gani.

Msomaji wenu,
Jambiani, Unguja Kusini